Riziki ya Siku za Mbalamwezi

Biashara ya omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, hufuata mwezi ulio angani. Usiku wa giza wavuvi hutoka na taa, omena huufuata mwanga, nyavu hushushwa, na alfajiri mitumbwi hurudi na mzigo. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi. Ziwa lote linang'aa, samaki hawakusanyiki, na mitumbwi mingi hulala ufuoni. Sisi wanawake tunaonunua, kuanika na kuuza tunakaa tukingoja giza lirudi. Kisha kuna miezi ya Aprili hadi Julai, serikali inapofunga uvuvi wa omena ili wazaane. Na kuna mvua, ambayo haina msimu wa kumhurumia mtu.

Natanguliza haya kwa sababu kanisani tunapenda sana mwisho wa ushuhuda. Mtu akisimama akasema "Bwana asifiwe", tunataka afike haraka pale Mungu alipotenda ili tupige makofi. Mimi naona ukiuruka upungufu wenyewe, usiseme ulikuwa wa namna gani na ulibana wapi, hutaona Mungu alipita njia gani.

Nakaa Nyalenda, Kisumu, na kibanda changu kiko soko la Kibuye. Mume wangu alikuwa fundi wa mitumbwi. Alipofariki aliniachia watoto watatu, wa mwisho akiwa bado ananyonya. Omena ndiyo kazi iliyokuwa karibu nami. Haitaki cheti. Inataka mtaji kidogo, mgongo wenye nguvu na macho ya kusoma mawingu.

Omena mbichi ukiimwaga juu ya wavu mkuukuu uliotandazwa chini, inameta hadi macho yanauma. Unaisambaza kwa viganja, nyembamba, isipandane, kwa sababu ikipandana ya chini inaoza. Jua likishakolea unaigeuza, ukiinama tangu mwanzo wa wavu hadi mwisho wake. Magamba yanakuganda mikononi hadi kwenye viwiko na hayatoki kwa maji matupu. Ikikauka sawasawa inakuwa nyepesi, ukiivunja inakatika kwa mlio mdogo. Lakini wingu likitanda kabla ya hapo, mnakimbizana kuikusanya, na ile iliyonyeshewa inabadilika rangi na kunuka. Gunia ulilolinunua kwa bei ya chakula cha watu unaliuza kwa bei ya chakula cha kuku, na karo ya mtoto imo humo humo ndani ya gunia.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo makanisani halisemwi kwa sauti. Ufuoni, samaki wakiwa haba na wanunuzi wakiwa wengi, pesa peke yake haitoshi. Mvuvi anachagua atakayemuuzia. Wako wanaume ambao sharti lao ni mwili wa mwanamke, na desturi hiyo ina jina ambalo kila mtu wa ziwa analijua: jaboya. Sitaki mtu awahukumu wanawake walioingia humo. Niliwafahamu. Wana watoto nyumbani, wameacha deni dukani, na gari la kurudi linapiga honi. Baadhi yao tumewazika, na sote tunajua ugonjwa uliowamaliza.

Asubuhi moja, kwenye ufuo mmoja upande wa Bondo, mwenye mtumbwi aliniambia bila hata kuinua sauti, "Mama, pesa zako weka. Tutaelewana jioni." Nilimjibu kwamba mimi ni mke wa mtu, na mume wangu wakati huo alikuwa kaburini. Akacheka, akamgeukia mwingine. Nilirudi Kisumu na gunia tupu nimelikunja mapajani. Pesa nilikuwa nazo, cha kuuza sikuwa nacho. Watu wakisema kumtegemea Mungu kunaleta amani, mimi naikumbuka safari ile. Amani haikuwapo. Nilikuwa na hasira na hofu, na nilisali bila mpangilio wowote. Lakini nilijua kwamba kwa mtu yule sirudi, na kujua huko ndiko kulikokuwa imani yangu yote siku ile. Nadhani mara nyingi imani ni ndogo kiasi hicho, nayo Mungu huipokea.

Kanisa letu ni dogo, la mabati, na siku za Jumatano tunakutana majumbani kwa maombi. Jumatano ile ilikuwa nyumbani kwa shemasi wetu mkongwe. Sote tunamwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, hata mchungaji. Kawaida yangu ilikuwa kufika na kikaratasi cha omena cha kumpa mwenye nyumba. Dani akaniangalia mikono. "Mwanangu, umetoka ziwani mikono mitupu?" Nikasema habari yote, mbele ya wanawake wote, na nilipomaliza chumba kilinyamaza. Kisha mama anayeuza karibu nami Kibuye akasema yamemkuta naye. Na mwingine. Yule wa tatu hakusema, alilia tu.

Somo la jioni ile lilikuwa limepangwa zamani, wala halikuchaguliwa kwa ajili yangu. Lilikuwa 1 Wafalme 17, habari za Eliya na mjane wa Sarepta. Msichana wa kidato cha tatu alitusomea. Nilikuwa nimelisikia somo hilo mara nyingi tangu shule ya Jumapili, na siku zote lilihubiriwa juu ya unga ambao haukupunguka na mafuta ambayo hayakuisha. Dani akamwomba binti arudie mwanzo. Mungu anamwambia Eliya aende Sarepta, amemwagiza mwanamke mjane huko amlishe. Eliya anafika, anamkuta mjane mwenyewe anaokota kuni apike chakula cha mwisho, ale na mwanawe, kisha wafe.

"Kwa hiyo," Dani akasema, "Mungu alimtuma mwenye njaa kwa mwenye njaa."

Hakuna aliyeongeza neno, lakini mimi sijawahi kuisoma sura ile tena kwa namna ya zamani. Mimi nilikuwa nikimwomba Mungu aniinulie mtu mwenye nacho: mfadhili, ndugu wa Nairobi, mkopo wa benki. Na pale chumbani tulikuwa wanawake sita wasio na mtaji, kila mmoja akiomba peke yake kitu kile kile.

Mpango wenyewe ulipatikana kabla chai haijaisha. Kila Jumatano kila mmoja aweke shilingi 200. Sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, sanduku kwa mtu wa nne. Vyama vingi vya kuweka na kukopa hapa kwetu hufanya hivyo, hatukubuni kitu. Tulichoongeza ni hiki: hakuna mwanamke anayekwenda ufuoni peke yake. Wanakwenda wawili, wananunua kwa niaba ya wote sita, wanalipa taslimu palepale, wanaanika pamoja na kurudi na magunia. Mwanamke aliye peke yake, anayeomba samaki kwa mkopo, yuko mikononi mwa mwenye mtumbwi. Wanawake wawili wenye pesa za watu sita ni wateja, na mvuvi anayetaka kumaliza mzigo wake kabla jua halijapanda huwaita kwa heshima. Bei haikushuka. Ila lile neno la "tutaelewana jioni" sikulisikia tena.

Niliona mkono wa Mungu hapo, na sioni haya kusema hivyo. Yupo atakayesema huo ni ushirika tu wa biashara, serikali inaufundisha na mashirika yanaufundisha. Ni kweli wanaufundisha. Lakini mimi najua nilikuwa nimekaa wapi niliposali, najua somo lilipangwa na nani, na najua kwamba hakuna aliyekuwa amethubutu kulitaja jaboya katika chumba kile hadi siku ile.

Kuhusu Jumapili niseme kwa kifupi. Siku kubwa ya Kibuye ni Jumapili. Soko linafurika hadi barabarani, wanunuzi wa jumla hufika asubuhi, na mfanyabiashara anayefungua baada ya saa sita amepoteza sehemu nzuri ya wiki yake. Wapendwa wengine walikuwa wakituambia tuchague kati ya soko na Bwana. Mchungaji wetu hakutuambia hivyo. Alianzisha ibada ya alfajiri kwa ajili ya watu wa soko, wa matatu na wauguzi wanaotoka zamu ya usiku. Ibada hiyo haina spika wala kwaya, na sidhani kuna mahali ninapoimba kwa moyo zaidi.

Halafu ukaja mwaka wa 2020. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi, shule zikafungwa, makanisa yakafungwa, na tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi. Mtu anayekaa mbali na ziwa anaweza asielewe maana yake kwetu. Omena ni kazi ya usiku. Ziwa nalo mwaka ule lilikuwa likipanda, likameza ufuo, likaingia nyumba za watu upande wa Dunga na sehemu za chini za Nyalenda. Mahali tulipozoea kuanika palikuwa maji. Sanduku letu tulilifungua tukagawana kilichokuwamo, kwa kuwa hakukuwa na samaki wa kukopesheana.

Dani alikuwa na beseni la plastiki, la rangi ya machungwa, lenye ufa ukingoni uliozibwa kwa uzi na moto. Aliliweka juu ya benchi mlangoni pake. Hatukuruhusiwa kukusanyika, kwa hiyo tulipita mmoja mmoja, barakoa usoni. Ukiwa na kitu unaweka, ukiwa huna unachukua. Mama mmoja aliletewa mahindi kutoka nyumbani Nyakach kabla barabara hazijawa ngumu, akaweka gorogoro moja. Mwingine alikuwa na kunde nyuma ya nyumba. Mimi niliweka chenga za omena, zile zinazobaki chini ya gunia ambazo mteja hazitaki, na zikipikwa na kunde zinatosha kabisa. Kijana wa bodaboda, ambaye kabla ya hapo alikuwa akija kanisani Krismasi na Pasaka, aliweka pakiti ya unga ya kilo mbili akaondoka bila kusalimia. Yapo majira nilipita asubuhi nikaweka, jioni nikarudi nikachukua. Nadhani kila mmoja wetu alifanya hivyo.

Sitaki kuipamba hali ile. Beseni lilikuwa tupu mara kwa mara. Watoto wangu walilala na uji mwepesi, na yule mkubwa alijifunza kusema ameshiba mapema ili wadogo waongezewe. Hilo liliniumiza na bado linaniuma. Lakini riziki ilikuja kwa kipimo cha siku, na ilipitia mikononi mwa watu ambao kesho yao hawakuijua. Katika Kutoka 16 Waisraeli waliambiwa waokote mana ya siku moja, na waliobakiza hadi asubuhi walikuta imeingia mabuu. Niliposoma nikiwa na gunia stoo, niliona ni sheria ngumu. Mwaka ule niliona kwamba kama kila mmoja angefungia unga wake ndani, beseni lisingekuwapo, na wale wa nyumba iliyoingia maji wangekufa njaa hatua chache kutoka kwetu.

Mwezi wa Julai serikali ikaruhusu ibada tena: watu wasiozidi 100, saa moja tu, na walio juu ya miaka 58 pamoja na watoto chini ya 13 wabaki nyumbani. Dani akabaki nyumbani. Baada ya ibada tulipitia kwake, tukasimama nje, akaombewa kupitia dirishani, kisha akatuombea yeye, kwa muda mrefu kuliko ibada yenyewe.

Kuna mafundisho yanayozunguka sana huku kwetu ambayo mimi nayapinga wazi. Mhubiri anakuja kwenye mkutano wa injili, anawaambia maskini kwamba umaskini wao ni kwa sababu hawajapanda mbegu. Toa cha mwisho ulicho nacho, tuma kwa namba hii ya simu, na Mungu atakurudishia mara mia. Dada mmoja wa kundi letu alikuwa amekopa shilingi 3,000 kwenye sanduku aende ufuoni. Alipitia mkutanoni, akapanda mbegu. Wiki iliyofuata alikuja akiwa hana omena wala pesa, na amejifunika leso usoni.

Wapo waliotaka afukuzwe. Mweka hazina wetu, mwanamke mkali sana wa hesabu, akasema mkopo ule uandikwe kuwa ni wa kundi zima, tuulipe pamoja, naye akopeshwe upya. Mchungaji alisimama Jumapili akasema madhabahuni kwamba Eliya alipoomba mkate kwa mjane, alikaa nyumbani mwake akala naye chakula kile kile, naye ajihadhari mtu na nabii anayechukua unga wa mjane kisha anapanda gari kwenda zake. Nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa shemasi mpya.

Ninaloamini juu ya riziki ya Mungu nimekwisha kulisema, lakini nisipoongeza hili nitakuwa nimewadanganya. Yule mama aliyelia bila kusema, Jumatano ile ya kwanza, alipata ugonjwa wa figo. Alihitaji kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Bima ya taifa ilisaidia, lakini nauli, dawa na vipimo vingine vilibaki juu yake. Tulifanya harambee. Kanisa lilileta kuku, ndizi, mayai, hata kreti ya soda, tukavipiga mnada baada ya ibada, watu wakinunua yai moja kwa shilingi 500 na kulirudisha mezani linunuliwe tena. Tulifunga, tulikesha. Tulipata pesa zote tulizokuwa tumepanga, hadi shilingi ya mwisho, tukashangilia, tukasema Mungu wetu ni mwaminifu.

Alifariki.

Binti mmoja wa kanisa aliniuliza siku ya mazishi, "Mama, sasa Mungu alitupa pesa za nini?" Nilimkumbatia tu. Maelezo sikuwa nayo, na hata leo sina, na ninapowasikia watu wakieleza kwa haraka mambo ya namna hii natoka nje nipate hewa. Ninachoweza kusema ni kilichotokea baadaye. Pesa zilizobaki zilienda kwa watoto wake wawili. Deni lake katika sanduku halikutajwa tena, na mweka hazina alilikata kwa rula na kalamu nyekundu mbele yetu. Mkubwa wao yuko chuo cha ualimu sasa. Mdogo anakaa kwangu, analala chumba kimoja na mwanangu wa mwisho, wanagombana kila asubuhi juu ya nani alivaa soksi za nani.

Dani ameacha kutembea. Kufuli moja ya sanduku bado ni yake, na ufunguo ameufunga kwenye ncha ya leso. Tumeongezeka, tuko kumi na wawili, na kuna mwanamke kijana aliyehamia kutoka visiwani ambaye hana shilingi 200 za kila wiki. Baadhi yetu tunaona aingie kwa kazi ya mikono, awe anageuza omena siku za kuanika hadi apate chake. Wengine wanasema kanuni ni kanuni. Mimi niko upande wa kwanza na nitasema hivyo. Na karo ya yule wa chuo, muhula huu, imepungua shilingi 4,000. Jumatano tunakutana kwangu.